Ini Limesinyaa: Kabla Hujauza Shamba kwa Ajili ya Seli Shina

Jibu fupi kwanza, kwa mwenye haraka. Mpaka sasa hakuna tiba ya seli iliyothibitishwa kulirudisha ini lililosinyaa katika hali yake, si Dar es Salaam, si India, si Ulaya. Tafiti zipo, na baadhi zinatia moyo. Lakini anayekutaka ulipe mamilioni ili ndugu yako achomwe sindano ya seli shina na ini liote upya anakuuzia kitu ambacho hata wanaokitafiti bado hawajakipata. Wakati huohuo kuna kidonge cha kumeza mara moja kwa siku ambacho, kwa wengi wenye homa ya ini B, kimefanya kile ambacho seli hazijaweza. Asiye na muda wa kusoma zaidi ashike hilo na aende akapime.

Mwenye muda tuendelee, maana swali lenyewe, kama seli shina zinaweza kuliponya ini, ni la haki na wanaouliza wana maumivu.

Nyanda za juu swali hili limeingia kwa njia ya simu. Baba anaanza kuvimba miguu, tumbo linajaa, macho yanakuwa ya manjano. Makambako wanampa dawa za tumbo, Njombe wanampiga altrasaundi, mwishowe wanaukoo wanasema apelekwe Ikonda. Hospitali ya Konsolata Ikonda, wilayani Makete, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tangu miaka ya 1960 ikiwa chini ya wamisionari wa Konsolata imejijengea jina kiasi kwamba watu hupanda milima kuifuata kutoka Mbeya, Songea na hata Dar es Salaam. Huko familia inatoka na karatasi iliyoandikwa sirosisi. Jioni hiyohiyo kijana aliyeko mjini anatuma video: kliniki nzuri ya vioo, daktari wa koti jeupe, mgonjwa anayetembea. Kikao cha ukoo kinakaa. Mmoja anataja eka mbili za parachichi, mwingine anataja miti ya mbao ambayo haijakomaa lakini mnunuzi yupo.

Kabla ya kufika kwenye miti, tuelewe ini lenyewe.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Damu yake nyingi, takriban robo tatu, haitoki moja kwa moja kwenye moyo. Inatoka utumboni ikiwa imebeba chakula, dawa, pombe na sumu, na ini ndilo linalochambua kipi kipite na kipi kivunjwe. Ajabu ya kiungo hiki ni uwezo wake wa kujirudishia nyama. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukatwa zaidi ya nusu ya ini lake ili apewe mgonjwa, na ndani ya miezi michache kipande kilichobaki kwake na kile alichopewa mwenzake vyote vinakuwa vimekua karibu kufikia ukubwa wa kutosha.

Kama ini linajiotesha namna hii, kwa nini basi linasinyaa? Kwa sababu halipewi nafasi. Kirusi cha homa ya ini, au pombe ya kila siku, au mafuta yaliyojazana ndani ya ini la mtu mnene mwenye kisukari, huua seli leo, kesho na keshokutwa kwa miaka 20. Kila panapokufa seli pana kidonda, na kidonda huacha kovu. Makovu yakizidi yanaungana na kuligawa ini katika vinundu vigumu. Damu kutoka utumboni ikikuta ini gumu inakosa njia, msukumo unapanda, mishipa ya koo la chakula na tumbo inavimba, na maji yanavuja kujaza tumbo. Ndiyo sirosisi. Tatizo, kwa hiyo, ni zaidi ya upungufu wa seli. Nyumba yenyewe zinamoishi imeharibika, na aliyeiharibu mara nyingi bado yumo ndani.

Hapo ndipo tiba za seli zinapokwama, na hapo ndipo matangazo yanaponyamaza.

Seli zinazozungumzwa ni za aina tatu

Tiba ya seli maana yake ni kumpa mgonjwa seli hai badala ya kemikali. Jambo hilo si geni nchini kwetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uboho mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Ile ni tiba ya seli shina ya kweli na inafanya kazi, kwa sababu seli shina za uboho kazi yake ya asili ni kutengeneza damu. Matapeli hupenda kuuazima ukweli huu: "Si umesikia Dodoma wanapandikiza?" Ndiyo, tumesikia. Wanapandikiza kwa ajili ya damu.

Kwa ini, njia ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa kuchukua seli za ini zenyewe. Mwaka 1992 madaktari wa Japani waliripoti kuwarudishia wagonjwa wa sirosisi seli za ini lao wenyewe, wakiziweka kwenye bandama. Mwaka 1998 madaktari wa Nebraska, Marekani, walichapisha habari za msichana wa miaka 10 aliyezaliwa na ugonjwa wa Crigler-Najjar. Katika ugonjwa huo ini linakosa kimeng'enya kimoja tu, na manjano hupanda hadi kutishia ubongo. Walimwingizia mabilioni ya seli za ini la mtu aliyefariki. Manjano yalishuka, na saa zake za kulala chini ya taa maalumu zikapungua. Hayakwisha kabisa, na baadaye alihitaji kupandikizwa ini zima.

Mfano wa karibuni zaidi, na mzuri, ni wa Tokyo. Mwaka 2019 mtoto mchanga aliyekuwa na hitilafu ya kurithi, ini lake likishindwa kuondoa amonia mwilini, alipewa akiwa na siku sita seli za ini milioni 190 zilizooteshwa maabara kutokana na seli shina za kiinitete. Kwa nini asipandikizwe ini moja kwa moja? Kwa sababu alikuwa mdogo mno. Seli zilimvusha miezi michache mpaka akakua vya kutosha kupokea kipande cha ini la baba yake. Tazama vizuri: katika visa vyote viwili vilivyofanikiwa angalau kidogo, ini halikuwa na kovu. Lilikuwa na kasoro moja ya kuzaliwa, na seli chache zilitosha kuziba pengo kwa muda.

Njia ya pili ni seli shina kutoka uboho wa mgonjwa mwenyewe, na hii ndiyo inayouzwa sana. Waingereza waliipima kwa haki. Walichukua wagonjwa 81 wa sirosisi wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: kundi la matibabu ya kawaida, kundi la sindano za kuamsha uboho, na kundi la sindano hizo pamoja na kurudishiwa seli shina zao. Matokeo yalitoka 2018. Ini halikupata nafuu zaidi kwa waliopewa seli, na waliopata matatizo makubwa walikuwa wengi zaidi upande wa tiba kuliko upande wa kawaida. Bila kundi la kulinganisha, wangeweza kupiga picha wale waliojisikia vizuri na kutengeneza video ya kuvutia.

Ya tatu ndiyo inayonipa mimi matumaini kidogo, nayo haitumii seli shina. Edinburgh, Uskoti, kundi la Profesa Stuart Forbes huchukua seli za kinga za mgonjwa, huzilea maabara mpaka ziwe makrofeji, yaani zile seli zinazokula taka na kuvunja kovu, kisha humrudishia. Wagonjwa tisa wa kwanza, mwaka 2019, hawakudhurika. Jaribio lililofuata, la wagonjwa wapatao 50, halikuonyesha tofauti ya uhakika katika alama za ini baada ya siku 90, ingawa kadiri muda ulivyokwenda waliopewa seli walipata matatizo machache kuliko wenzao. Kundi hilo ni dogo, hivyo lazima kazi irudiwe kwa watu wengi. Angalau hawa wanalishambulia kovu lenyewe. Kumwaga seli mpya juu ya kovu ni kama kupanda mahindi kwenye lami ya barabara ya Songea: mbegu inaweza kuwa bora kuliko zote na bado isiote.

Wapo pia wanaolikwepa ini kabisa. Mwaka 2024 mgonjwa wa kwanza huko Texas alidungwa seli za ini la mfadhili ndani ya tezi za limfu, kwa matumaini kwamba zitakua huko kama vijiini vidogo vya kusaidia. Hilo ni jaribio, halijawa tiba. Na ilikuwapo mashine ya kusafisha damu kwa seli za ini nje ya mwili, kwa walioharibiwa ini na pombe, ambayo jaribio lake kubwa lilishindwa mwaka 2018. Naitaja kwa sababu bado kuna watu wanaoitangaza mitandaoni kana kwamba ipo dukani.

Anayekuuzia anajua usiyoyajua?

Bidhaa ya bei ndogo ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi: pakiti za unga wenye "seli shina za tufaha", unauzwa mkono kwa mkono na marafiki walioingizwa kwenye mtandao wa biashara. Seli iliyokaushwa na kusagwa imekufa. Ukiimeza tumbo linaimeng'enya, na seli ya mmea haigeuki kuwa ya binadamu hata ingekuwa hai. Makete tunalima matufaha, tena mazuri. Kama yangekuwa yanaponya ini, Ikonda wangekuwa na kazi ndogo.

Bidhaa ya bei kubwa ni safari. Wengi wetu tunaielekea India, kwa hiyo inafaa kujua sheria ya huko inasemaje. Mwongozo wa taifa wa utafiti wa seli shina wa India, wa mwaka 2017, unasema matumizi pekee ya seli shina yanayokubalika kama tiba ya kawaida ni yale ya kupandikiza uboho kwa magonjwa yaliyoidhinishwa. Mengine yote, ini likiwamo, ni utafiti, na yafanyike ndani ya jaribio lililosajiliwa. Kliniki ya huko inayokutoza pesa kwa ajili ya seli shina za ini inakwenda kinyume na mwongozo wa nchi yake yenyewe.

Na madhara yapo. Mwaka 2017 jarida kubwa la kitabibu la Marekani lilieleza habari za wanawake watatu waliolipia kudungwa seli za mafuta yao wenyewe machoni katika kliniki ya Florida. Walikwenda wakiona kwa shida, wakatoka wakiwa vipofu au karibu na upofu. Seli zilikuwa zao, na hilo halikuwakinga.

Basi wakala akikupigia, usimgombeze. Mwache aongee, kisha muulize taratibu. "Kaka, samahani, hili jaribio limesajiliwa wapi na kwa namba gani?" Akikupa namba, muulize ni kamati gani ya maadili iliyolipitisha. Hapa kwetu jaribio la tiba kwa binadamu linahitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hupitia taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, na kibali cha mamlaka ya dawa, TMDA. Ofisi zote mbili zinaulizika. Muulize kundi la kulinganisha ni lipi. Muulize mgonjwa akipata homa ya damu akiwa amesharudi Wanging'ombe nani atagharamia. Halafu swali linalomaliza mchezo: "Kama ni utafiti, kwa nini mimi ndiye ninayelipa?" Katika utafiti halali mshiriki hanunui dawa inayojaribiwa, tena mara nyingi hurudishiwa hata nauli. Akisema si utafiti bali ni tiba iliyokamilika, mwambie akutumie jina la mamlaka ya dawa ya nchi yoyote iliyoiidhinisha kwa ajili ya sirosisi. Utasubiri.

Wanaokumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, wanajua kwamba si ujinga unaowasukuma watu. Mtu akikata tamaa hununua tumaini kwa bei yoyote. Hasara kubwa ya safari ile haikuwa mia tano. Walioumia ni wale walioacha dawa zao.

Kile kidonge

Sasa turudi kwenye karatasi ya Ikonda. Neno sirosisi linaeleza hali ya ini, halielezi chanzo chake. Swali la kwanza kwa daktari liwe hili: nini kimeliharibu ini la mzee? Usitoke chumbani bila jibu, au bila orodha ya vipimo vitakavyolitafuta.

Kipimo cha kwanza ni cha homa ya ini B, kinachoandikwa HBsAg. Ni tone la damu na dakika chache. Wengi hujikuta wanaambiwa walipokwenda kuchangia damu, kwa sababu damu yote ya kuchangia hupimwa, na hapo karatasi hutiwa kabatini ikasahauliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na kirusi hiki. Wengi hukipata wakiwa wachanga. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 kubaki nacho maisha yake yote, wakati mtu mzima akiambukizwa, chini ya mmoja kati ya 20 ndiye hubaki nacho. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na umri wa miaka 40, hajawahi kulala hospitali, na ini lake limekwisha kimyakimya.

Dawa yake ni tenofovir. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mitano wakiinywa, wakachukuliwa kipande cha ini mwanzoni na mwishoni. Waliokuwa na sirosisi mwanzoni walikuwa 96. Baada ya miaka mitano, 71 kati yao hawakuwa nayo tena. Hawakupewa seli. Kirusi kilinyamazishwa tu, na ini lilipopata nafasi likafanya kazi yake lenyewe: likala kovu na kuotesha nyama. Wagonjwa hao hawakuwa wa hatua ya mwisho kabisa, na hilo ni muhimu kusema, lakini hata aliyejaa maji tumboni hupewa dawa hii na wapo wanaorudi kwenye nafuu.

Si kila mwenye kirusi anahitaji dawa mara moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 umepanua mlango: anaanzishwa mwenye dalili za kovu, mwenye virusi zaidi ya 2,000 kwa kila mililita huku ini likiwa na dalili za kuumia, na mwenye virusi vya Ukimwi au saratani ya ini katika familia, hata kama vipimo vingine havijakaa vibaya. Mashine ya kupima ugumu wa ini haipo kila mahali, lakini kovu linaweza kukadiriwa kwa hesabu ya kalamu kutokana na vipimo viwili vya kawaida: kimeng'enya cha AST na chembe sahani za damu. Chukua AST ya mgonjwa, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe sahani. Tuseme AST ni 60 na maabara inahesabu 40 kuwa mwisho wa kawaida: hiyo ni 1.5. Zidisha kwa 100 upate 150. Chembe sahani ni 100, kwa kipimo kile cha elfu ambacho mtu mzima mwenye afya huwa nazo 150 hadi 400. Jibu ni 1.5. Kwa mwongozo huo, zaidi ya 0.5 kovu lipo la kutosha kuanza dawa, na zaidi ya 1 sirosisi inashukiwa. Hesabu hii daktari anaijua. Ukienda nayo kichwani utaelewa anachoongea.

Hapa Njombe kuna jambo la kusisitiza. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine. Wengi wao wanameza kidonge cha CTC, yaani kliniki ya Ukimwi, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Viwili vya kwanza vinatibu pia homa ya ini B. Kwa hiyo mwenye magonjwa yote mawili tayari anatibiwa ini bila kujua, na akiacha dawa, kirusi cha ini kinaweza kuibuka kwa nguvu na kumwangusha ndani ya wiki. Ukibadilishiwa dawa CTC kwa sababu ya figo au lolote lile, sema wazi: nina homa ya ini B. Na mwenye homa ya ini pekee asiazime vidonge vya ndugu yake. Kwanza apimwe Ukimwi, maana kumeza tenofovir peke yake ukiwa na virusi vya Ukimwi kunavifundisha kuikataa dawa.

Homa ya ini C ni nadra zaidi, na habari yake ni nzuri: vidonge vya wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 wanapona kabisa.

Halafu pombe. Msimu wa mvua mianzi inakatwa ncha, mbeta zinajaa, na ulanzi unashuka bei hadi kila mtu anaumudu. Mtogwa wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, mkangafu wa siku ya pili ni pombe kamili. Sina ugomvi na ulanzi wa sherehe. Lakini kwa mwenye kovu la ini hakuna kiasi salama, iwe ulanzi, komoni, bia au divai ya altare ya kujimiminia nyumbani, na mwenye homa ya ini B anayekunywa anaharibu ini kutoka pande mbili. Aliyekuwa anakunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwani anaweza kupata degedege. Aseme hospitali, asaidiwe.

Kuishi na ini lenye kovu

Kazi kubwa ya kila siku hapa ni ya mama wa nyumba kuliko ya daktari. Chumvi ipungue sana, na hiyo ni pamoja na viungo vya paketi na dagaa waliotiwa chumvi. Chakula kisipungue. Kuna imani kwamba mgonjwa wa ini asile nyama, mayai wala maharage. Imani hiyo inaua misuli, na misuli ikiisha mgonjwa huisha nayo. Ale protini, ale mara nyingi kidogokidogo, na apate uji au viazi kabla ya kulala ili ini lisikeshe na njaa.

Diklofenaki na ibuprofeni, zile za mgongo zinazouzwa duka lolote la dawa, aziache kabisa. Zinaweza kuangusha figo na kutibua damu tumboni. Paracetamol inaruhusiwa, isizidi gramu mbili kwa siku, yaani vidonge vinne vya kawaida. Dawa za miti za kusafisha ini ziachwe pia, kwa kuwa nyingine ndizo zinazolimaliza.

Daktari anaweza kumpa dawa za kukojoza maji, propranolol au carvedilol ya kushusha msukumo, na kumpeleka kwenye kipimo cha kamera ya koo ili mishipa iliyovimba ifungwe kabla haijapasuka. Akipewa lactulose ya kuharisha, lengo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Hiyo inaondoa sumu inayopanda kichwani, na akiiacha kwa aibu ya choo ataanza kuchanganyikiwa. Altrasaundi kila miezi sita, hata akijisikia mzima, kwa sababu saratani ya ini ikikutwa ndogo ina njia.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akianza kuongea visivyoeleweka, au akiwa na homa huku tumbo limejaa maji, hiyo si ya kusubiri kesho. Nendeni hospitali iliyo karibu zaidi, iwe Ilembula, Njombe, Makete au Ikonda. Kuvuka hospitali moja ili kufika ile yenye jina usiku wa kutapika damu kumepoteza watu njiani.

Na kama limekwisha kweli?

Tiba iliyopo ni kupandikiza ini. Thomas Starzl alilijaribu mara ya kwanza Denver mwaka 1963, na leo ni upasuaji wa kawaida katika nchi nyingi. Figo tunapandikiza hapa nchini tangu Novemba 2017, Muhimbili. Kwa ini, njia iliyozoeleka kwa Watanzania ni India, kwa mfadhili hai, kwa kawaida ndugu. Sheria ya India ya mwaka 1994 inataka undugu uthibitishwe kwa hati na kamati, hivyo vyeti vya kuzaliwa na ndoa vitafutwe mapema. Mfadhili asiwe na homa ya ini yeye mwenyewe, na apimwe bila shinikizo la kikao cha ukoo: aulizwe peke yake, mlango umefungwa. Baada ya upasuaji kuna dawa za maisha. Kama miti ya mbao itauzwa, hesabu iwe ya hili, pamoja na hizo dawa za miaka, na iwe kwa barua ya rufaa ya daktari wenu, si kwa namba ya wakala.

Kabla ya yote hayo, wapimeni wengine. Mzee akikutwa na homa ya ini B, mkewe, watoto na ndugu wa tumbo moja wote wapimwe. Kirusi hakipiti kwenye sahani wala kikombe, wala kwa kushikana mikono, kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea chombo. Kinapita kwa damu, kwa ngono na wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo wembe na mswaki kila mtu awe na vyake. Watoto wetu wanachanjwa homa ya ini B tangu mwaka 2002, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana kinga. Mtu mzima asiye na kirusi huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Mjamzito aliyekutwa nacho aseme kliniki mapema, kwa sababu dawa ya miezi ya mwisho na chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vinaweza kukata mnyororo.

Siku ya kwenda Ikonda, bebeni karatasi zote tangu ya kwanza: za altrasaundi, za damu, hata ile ya kuchangia damu iliyolala kabatini, na dawa zote anazomeza mgonjwa zikiwa kwenye vifuko vyake, za mitishamba zikiwamo. Aende na mtu anayeishi naye nyumba moja, anayejua anakula nini, anakunywa nini na usiku analalaje. Yule anayeishi Dar mwenye video anaweza kusubiri kwenye simu.